Matofali ya LEGO ya Mtumba kwa Kilo: Kununua, Kuchambua na Kuuza

Kilo kumi za matofali ya LEGO yaliyochanganyika, yale ya plastiki ambayo watoto hujengea, ni vipande kati ya 6,000 na 7,000 hivi. Ukikishika kila kimoja kwa sekunde tatu, ukakigeuza na kukitupia kwenye beseni lake, unamaliza baada ya saa tano na nusu. Huo ni mzunguko wa kwanza tu. Hujaosha, hujahesabu, hujapiga picha, hujafunga hata kifurushi kimoja.

Nilipoanza nilidhani faida ya kazi hii iko kwenye kununua kwa bei ya kutupa. Kununua rahisi kunasaidia, lakini wengi niliowaona wakifunga biashara walikuwa wamenunua vizuri tu. Kilichowamaliza ni saa: nyumba imejaa makasha, mtaji umelala, na kila jioni wanachambua vipande ambavyo hata vikiuzwa vyote havilipi jioni hiyo. Kwa hiyo mwongozo huu utarudi mara kwa mara kwenye swali moja: kipande hiki kinastahili kushikwa mara ngapi?

Hatua ya 1: Ijue mali kabla ya kuifuata

Tofali halisi la LEGO lina jina la kampuni juu ya kila kinundu, yaani kile kivimbe cha juu kinachoshikana na tofali jingine. Kinundu kimoja hadi kingine, katikati kwa katikati, ni milimita 8. Tofali la kawaida lina kimo cha milimita 9.6 bila kinundu, na kibao chembamba milimita 3.2, hivyo vibao vitatu vikipangwa vinalingana na tofali moja. Vipande vingi vina namba ndogo iliyochorwa ndani au chini yake. Jizoeze kuzisoma. 3001 ni tofali la vinundu 2 kwa 4, 3003 ni 2 kwa 2, 3004 ni 1 kwa 2, na 3023 ni kibao cha 1 kwa 2. Baada ya wiki chache utazitaja kama majina ya wanao.

Hati miliki ya tofali hili iliombwa Denmark tarehe 28 Januari 1958, na tofali la mwaka ule bado linashikana na la leo. Hii ndiyo sababu mtumba wake una soko, kwa kuwa mali haipitwi na wakati kwa urahisi. Hata hivyo umri una maana. Kabla ya 1963 yalitengenezwa kwa plastiki nyingine iliyopinda kadiri miaka inavyokwenda. Kuanzia 1963 ikaja ABS, ile ngumu tunayoijua. Vijitu vyenye mikono na miguu inayocheza vilianza 1978. Na karibu mwaka 2004 kampuni ilibadilisha rangi ya kijivu na ya kahawia: kijivu cha zamani kina umanjano kidogo, kipya kina ubluu. Mnunuzi anayekarabati seti ya miaka ya 90, yaani kasha lililouzwa na vipande vya kujenga kitu kimoja maalumu, hatakubali kijivu kipya hata umpe bure, kwa hiyo zoeza jicho kwenye mwanga wa mchana. Chini ya taa ya manjano kila kijivu ni kijivu.

Kisha kuna matofali ya kampuni nyingine yanayoingiliana na LEGO. Hayo si haramu kwa kuwa tu yanafanana. Mwaka 2010 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa umbo la tofali lenyewe haliwezi kusajiliwa kama alama ya biashara. Kosa ni kuyauza kwa jina ambalo si lake, na ndani ya fungu la kilo kumi yanajificha vizuri. Vinundu vyake ni vitupu au vina maandishi mengine, rangi inapishana kidogo, mshiko unalegea au unakaza kupita kiasi. Baada ya muda hata sikio linayajua: mwaga kiganja kimoja mezani, LEGO inalia kwa sauti kali na kavu, mengi ya mengine yanalia kama vifuniko vya chupa.

Duplo, yale makubwa ya watoto wadogo yaliyoanza 1969, yana vipimo mara mbili kila upande, yaani ujazo mara nane. Ni mali nzuri, lakini yapimie na uyauzie peke yake. Ukinunua kilo za Duplo kwa bei ya kilo za matofali madogo umelipia vipande vichache sana.

Hatua ya 2: Tafuta fungu, kisha soma picha

Wauzaji wazuri ni wazazi ambao watoto wao wamekua. Hawajui namba, hawataki kujua, wanataka kabati liwe tupu. Tafuta kwenye makundi ya mitandao ya kijamii, minada ya vitu vya nyumbani na kwa watu wanaohama nyumba. Usitafute jina la LEGO tu. Wengine huandika "matofali ya watoto", "vitu vya kujengea", "midoli mchanganyiko", na matangazo ya aina hiyo ndiyo yasiyo na ushindani.

Picha inaeleza mengi. Angalia kwanza kama kuna magurudumu, madirisha, vipande vya mteremko, vibao vidogo na vipande vya uwazi vinavyopitisha mwanga. Fungu lililochezewa na mtoto na kuachwa vile vile lina uchafu wa kila aina: kigurudumu, nusu gari, kichwa kisicho na mwili. Fungu lililopitiwa na mfanyabiashara ni safi kwa namna ya kutia shaka, matofali makubwa ya rangi za msingi juu hadi chini, hakuna kijitu hata kimoja. Ukiona hivyo jua nyama imeshaliwa, unauziwa mifupa. Bei yake iwe ya mifupa.

Picha moja ya juu ya kasha haitoshi. Mimi huandika hivi: "Habari za leo. Nimevutiwa na matofali yako. Naomba unisaidie, uyamwage kwenye shuka na kupiga picha mbili, moja ya mbali na moja ya karibu. Pia naomba uzito kama una mizani. Kama kuna vitabu vya maelekezo, hata vilivyochanika, nitafurahi kuviona." Anayekataa kumwaga simlaumu, ila simpi bei ya mtu aliyemwaga. Niliwahi kulipia kasha kwa picha ya juu tu. Chini ya tabaka la kwanza kulikuwa na vibanio vya nguo, gari la chuma na karibu kilo mbili za matofali ya bandia. Mbuzi kwenye gunia, na nilimbeba mwenyewe.

Vitabu vya maelekezo ni dalili kubwa kuliko thamani yake. Namba ya seti iliyo kwenye jalada inakuambia ni nini kinaweza kuwa ndani ya rundo. Ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya Rebrickable au BrickLink na utaona orodha ya vipande vyote, halafu rudi kwenye picha kutafuta kimoja au viwili vya pekee vya seti hiyo. Ukiviona, huenda na vingine vimo.

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kutaja bei

Usianze na bei ya kilo ambayo kila mtu anaitaja. Anza mwisho, kwenye mauzo, urudi nyuma.

BrickLink, soko la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 2000 na kununuliwa na LEGO yenyewe mwaka 2019, linaonyesha kwa kila kipande na kila rangi bei za mauzo ya miezi sita iliyopita. Tazama hizo, na uachane na bei za vitu vinavyosubiri mnunuzi. Kutamani ni bure. Mtu anaweza kuweka bei ya ajabu na kukaa nayo miaka mitatu.

Gawa fungu kichwani mafungu matatu. La kwanza ni vijitu na vifaa vyake: kofia, nywele, silaha, wanyama. La pili ni vipande vyenye jina, yaani magurudumu, vya Technic (aina ya LEGO ya kujengea mashine zenye gia), vya uwazi, vilivyochapwa picha, vya rangi adimu. La tatu ni wali mweupe, matofali na vibao vya kawaida. Kadiria fungu la tatu kwa bei ya kilo kama utakavyoliuza wewe, la kwanza kwa kuhesabu moja moja pichani, la pili kwa ukali. Jumlisha, kisha toa gharama za soko, vifungashio, usafiri, na malipo ya saa zako. Ndiyo, weka malipo ya saa zako kwenye hesabu tangu mwanzo, hata kama unafanya usiku huku ukisikiliza redio. Kinachobaki ndicho kikomo. Mimi hutoa ofa chini ya nusu ya mauzo ninayotarajia, na nikipita hapo mara nyingi najuta.

Tofali la 2 kwa 4 lina uzito wa gramu 2.3 hivi, kwa hiyo kilo yake ni kama vipande 430. Fungu lenye vipande vidogo vingi linaweza kuwa na mara mbili ya hivyo kwa uzito ule ule. Ndiyo maana kilo na kilo hazifanani, na bei ya kilo peke yake inaweza kukudanganya.

Hatua ya 4: Kagua kwa mkono na kwa pua

Mkikutana, nusa kwanza. Moshi wa sigara na ukungu vinaingia kwenye nyufa na haviondoki kwa kuosha mara moja. Kisha chovya mkono hadi chini ya kasha na utoe kiganja kutoka kwenye pembe zote nne. Vipande vidogo huzama, na sehemu za vijitu huzama navyo, kwa hiyo chini ndiko kwenye ukweli.

Angalia alama za meno. Watoto hutafuna, na kipande kilichotafunwa ni cha kutupa. Kunja kidogo vipande vya rangi ya kahawia nyekundu na nyekundu iliyoiva: vya miaka fulani ya karne hii vina sifa mbaya ya kuvunjika kama biskuti, hata vikionekana vipya. Kwenye vijitu tazama kifua pale makwapani, ndipo nyufa zinapoanzia, kisha vuta mkono taratibu uone kama kiganja kinashika. Mchoro wa uso na kifua ukiwa umefifia, thamani imefifia nao.

Kama una mpango wa kuuzia familia zenye watoto wadogo, jihadhari na matofali ya zamani sana. Mwaka 2018 utafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, ulikuta kadmiamu na madini mengine mabaya katika midoli ya plastiki ya mitumba, yakiwemo matofali ya zamani ya rangi nyekundu na njano. Hayo yauzie wakusanyaji, si mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Na mtoto wa chini ya miaka mitatu hatakiwi kupewa vipande vidogo hata kama ni vipya.

Hatua ya 5: Osha, lakini usipike

Kabla ya maji, toa vitu visivyopenda maji: mota, taa, vipande vya umeme, vilivyobandikwa stika, vilivyopakwa rangi ya kung'aa kama kioo, mabango ya kitambaa. Hivi vifute kwa kitambaa chenye unyevu.

Vingine vitie kwenye beseni la maji yasiyozidi nyuzi 40 za Selsiasi na sabuni kidogo ya vyombo. Kikomo cha 40 ni cha kampuni yenyewe, nami nakiheshimu kwa sababu niliwahi kukivunja. Nilimwaga maji kutoka kwenye birika nikiwa na haraka, na vibao virefu vikatoka vimejikunja kama maganda ya ndizi. Loweka saa moja au mbili, koroga kwa mikono, tumia mswaki kwa vile sugu, suuza mara mbili. Watu wengine hutia mfuko wa neti kwenye mashine ya kufulia. Mimi sifanyi hivyo. Vipande vinagongana na kupoteza mng'ao.

Kukausha ndiko kunakochukua muda. Maji hujificha ndani ya mirija ya chini ya tofali, na ukifunga mapema mteja atafungua harufu ya kisima. Tandaza taulo, washa feni, geuza asubuhi na jioni, subiri siku mbili. Usianike juani kutwa nzima. Mwanga wa jua ndio unaogeuza matofali meupe, ya buluu na ya kijivu kuwa ya njano.

Yale yaliyokwisha kuwa njano yanaweza kurudi kwa kulowekwa kwenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa, chombo kikiwa kwenye mwanga kwa saa kadhaa. Inafanya kazi kweli. Lakini vaa glavu, usikifunge chombo kikakaza kwa kuwa inatoa gesi, na usiifanye kwa matofali ya kawaida. Gharama ya dawa na muda inazidi thamani yake. Weka dawa hiyo kwa kipande kinachokosekana ili seti ikamilike.

Hatua ya 6: Kuchambua

Hapa ndipo pesa inapozaliwa au inapokufa.

Mzunguko wa kwanza ni wa kutoa, hauhusu kupanga. Mwaga kiasi cha sahani moja kwenye shuka jeupe, tandaza kiwe tabaka moja, na utoe vitu vitano tu: vijitu na sehemu zake, takataka na matofali ya bandia, vipande vilivyoharibika, vipande vya pekee, na vitu vilivyobaki vimejengwa. Usivunje kilichojengwa kabla ya kukitazama. Nusu ya gari iliyoshikamana inaweza kukupa jina la seti kwa dakika moja, wakati vipande vyake vikitawanyika vingekula saa nzima. Simu inasaidia pia: programu ya Brickit inapiga picha ya rundo na kutaja vipande inavyovitambua. Haipatii vyote, lakini ni macho ya ziada.

Mzunguko wa pili ni kwa umbo. Wageni wa kazi hii hupanga kwa rangi kwanza kwa sababu inapendeza machoni, mabeseni kama upinde wa mvua. Kisha wanatafuta kibao kidogo cheusi ndani ya beseni la vyeusi vitupu. Jicho linatofautisha rangi haraka kuliko umbo, kwa hiyo weka umbo moja pamoja na uache rangi zichanganyike. Chekundu kati ya vyeupe kinajitokeza chenyewe. Makundi ya mwanzo yasizidi kumi na mawili: matofali, vibao, vibao laini visivyo na vinundu, miteremko, magurudumu, Technic, bawaba, madirisha na milango, mimea na kadhalika. Kundi likijaa ndipo uligawe.

Chekeche ya tundu pana ni rafiki. Tikisa rundo zima juu yake kabla ya yote. Vidogo vinashuka, vikubwa vinabaki, na umepunguza kazi bila kushika kipande.

Sasa lile swali. Tofali jekundu la 2 kwa 4 likishashikwa mara moja, acha. Liende kwenye kasha la kuuza kwa kilo. Kibao cha uwazi chenye mchoro kinastahili kushikwa mara nne: kukitoa, kukitafuta kwenye orodha, kukipiga picha, kukiweka kwenye kifuko chenye namba. Katikati ya hivyo viwili kuna maelfu ya vipande vinavyokushawishi. Jiwekee bei ya chini ambayo kipande chini yake hakiorodheshwi peke yake, na uiandike ukutani.

Hatua ya 7: Amua unauza kwa namna gani

Njia ya haraka ni kuuza tena kwa kilo, yakiwa safi na bila bandia. Wazazi na walimu hulipia usafi na uhakika, na hawajali namba. Hapa faida kwa kilo ni ndogo lakini hela inarudi wiki ile ile. Ukitia vijitu vichache na magurudumu kwenye kila kilo, fungu linakuwa la kuchezeka na mteja hurudi. Ukivitoa vyote, andika wazi kwamba vimetolewa.

Njia ya pili ni makundi: mfuko wa magurudumu, mfuko wa vibao vya kijivu, mfuko wa miteremko. Wajenzi wakubwa, watu wazima wenye majiji ya matofali mezani, hununua hivi kwa furaha. Kwa maoni yangu hapa ndipo uwiano wa saa na hela ulipo mzuri kuliko kwingine, ingawa ni watu wachache wanaopazungumzia kwa kuwa hapana hadithi ya kusisimua.

Njia ya tatu, seti iliyokamilishwa, ina utamu wake na mitego yake. Pima kwa orodha, kipande kwa kipande. Zikikosekana sehemu chache za kawaida, zinunue. Wakikosekana vijitu, simama kwanza uangalie bei zao, kwa kuwa katika seti nyingi, hasa zile za filamu za Star Wars zilizoanza 1999, sehemu kubwa ya thamani iko kwa vijitu. Kitabu kikipotea si balaa. Maelekezo ya seti nyingi yapo bure kwenye tovuti ya LEGO.

Njia ya nne ni duka la kipande kimoja kimoja kwenye BrickLink au Brick Owl, soko jingine la mtandaoni. Jumla yake ni kubwa kuliko zote na ndiyo inayokula maisha. Usiifungue kabla hujawa na maelfu ya vipande vilivyopangwa na droo zenye namba, kwa sababu mteja wa kwanza ataagiza vipande 37 vya aina 29, na utavitafuta vyote.

Hatua ya 8: Tangazo na kifurushi

Piga picha mchana, kwenye shuka jeupe, rula ikiwa kando. Taja uzito halisi, kama yameoshwa, kama nyumbani kuna mnyama au mvutaji, na kasoro zote. Kasoro uliyoitaja haileti malalamiko. Pima kifurushi kikiwa kimefungwa tayari, kasha na yote, ndipo ukokotoe nauli; gramu mia tatu za kasha zimekula faida ya watu wengi. Vijitu viwe kwenye mfuko wake ndani ya mfuko, maana kikipotea kijitu kimoja barua zitaanza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lina safu moja ya ziada. Andika tarehe, kilo, bei uliyonunua, bei uliyouza, na saa ulizotumia. Baada ya mafungu matano gawa faida kwa saa. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza niligundua kuwa fungu nililojivunia, lenye seti tatu kamili, lilikuwa limenilipa chini ya lile la kilo 14 nililoliosha na kuliuza jinsi lilivyo.

Mwisho utabaki na ndoo ya makapi: yaliyotafunwa, yaliyopasuka, ya bandia. Ya bandia yaliyo mazima yauze kwa jina lake, "matofali yanayoingiliana na LEGO, si LEGO", kwa bei ndogo. Yana wanunuzi wake. Yaliyopasuka usiyarudishe kwenye mafungu ya kilo kuongeza uzito. Mimi nina kopo lake chini ya meza, na fundi mmoja huja kuchukua anapohitaji vipande vya plastiki ngumu vya kujazia.